Taa za Luvumbe

Mwanamke aliyesimama barazani kwangu mchana ule alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na mtoto aliyemfunga mgongoni alikuwa na jina la mume wangu.

Jina sikulijua papo hapo. Kwanza niliona kitenge chake kilichopauka kwenye mikunjo, kandambili zake za rangi mbili tofauti, na mfuko wa sandarusi ambao hakuutua chini hata nilipomkaribisha. Ilikuwa Jumamosi. Jua la Same lilikuwa limelalia bati, upepo unasukuma mchanga kutoka upande wa mbugani na kuumwaga mlangoni kama kawaida yake, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage ya makande.

Aliniuliza kama hapa ndipo kwa Fundi Mashini. Nikamwambia mafundi mjini hapa ni wengi, anamtaka yupi. Akasema yule aliyekuwa Kongo, Luvumbe, aliyekuwa akiwasha mashini ya umeme kambini. Kiswahili chake kilikuwa chetu na hakikuwa chetu. Kilipinda mahali ambapo sisi tunanyoosha.

Nikamwambia huyo ni mume wangu, ameenda Kihurio kwenye mashamba ya mpunga, kuna pampu imekufa, atarudi jioni. Aliposikia neno "mume" aliniangalia upya, kuanzia miguuni, taratibu, kama mtu anayesoma bango la barabarani.

"Basi nitamungojea, mama," akasema.

Akakaa kwenye mkeka, akamfungua mtoto. Mtoto wa kiume, wa miaka miwili hivi, mwenye kichwa kikubwa na macho yasiyo na haraka. Akajinyoosha, akaanza kutembea kuelekea jikoni kwangu, mkono mmoja ukutani. Mama yake hakuinua sauti.

"Eliufoo, rudia hapa."

Ungo ulinitoka magotini. Maharage yakatawanyika barazani kote, na mtoto akarudi mbio kuyaokota, akifurahi.

Jina hilo huwezi kulikuta Kongo limeota lenyewe. Ni jina la huku, la watu wa milimani ambao bibi zao walibatizwa na Walutheri na kuanza kuwaita watoto wao kwa kumtaja Mungu kwa lugha zao. Mume wangu anaitwa Eliufoo. Alikaa Luvumbe miaka mitatu. Nilipiga hesabu ambayo mwanamke yeyote angeipiga.

*

Eliufoo hakuwa askari. Watu hulichanganya hilo, na pale mwanzoni na mimi niliwaacha walichanganye, kwa sababu lilinipa sifa. Alikuwa fundi wa jenereta kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, mikono yake inanuka dizeli hata Jumapili, mpaka kampuni moja ya kigeni iliyopewa kazi ya kuhudumia kambi za walinda amani ilipomchukua. Aliondoka na begi la spana na Biblia ya mama yake.

Luvumbe, alinieleza kwa simu, ni kijiji cha mabondeni, mashariki ya Kongo, na kambi imekaa juu ya kilima. Watu waliokimbia vijiji vyao wamejenga vibanda vya maturubai kuuzunguka uzio. Wamejipanga kufuata mwanga wa taa za kambi. Mwanga unapoishia, vibanda vinaishia. Waasi hawasogei penye mwanga, alisema, kwa sababu penye mwanga pana bunduki. "Nikiizima mashini kidogo tu nibadilishe oili," aliniambia, "nasikia watoto wanaanza kulia." Alilisema kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akisema jambo lolote la kazi yake. Mkonge haukuwahi kumlilia.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Kila mwaka nafika kwenye mada ya dunia baada ya vita vikuu: jinsi mataifa yalivyokaa chini yakaapa kulinda amani, na jinsi taifa moja, Marekani, lilivyobaki na nguvu kuliko mengine, likawa linalipia sehemu kubwa ya ulinzi huo na kusikilizwa kuliko wengine wote. Wanafunzi huuliza kama ni vizuri nchi moja iwe na nguvu kiasi hicho. Miaka ile mitatu niliwajibu kwamba ubaya wake unajulikana na tutausoma, lakini mwenye taa kubwa akiiwasha, hata aliye mbali anaona pa kukanyaga. Walinakili. Nilikuwa nampenda mume wangu, na pale mbele ya ubao nilikuwa namzungumzia yeye.

Alirudi kabla ya Krismasi, mapema kuliko tulivyotarajia. Redio ilikuwa imeshasema: Marekani haitoi tena kama ilivyokuwa ikitoa, fedha za walinda amani zimepungua, askari wanarudishwa makwao. Mimi nilisikia tu kwamba mume wangu anarudi. Tukapanda Mbaga kwa mama yake, tukafanyiwa ibada ya shukrani. Kwaya iliimba, mchungaji akatuita mbele, akasema tumshukuru Mungu kwa kumrudisha mzima mtu aliyekwenda kuwalinda wenzake. Eliufoo alipopewa nafasi aseme neno, alisema "Ahsanteni," akaketi. Mama mkwe alinishika mkono nyuma ya kanisa, ukungu wa mlima Shengena ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba, akaniambia kwa Kipare kwamba mtoto wake amerudi lakini hajafika. Nikamwambia ni uchovu wa safari, mama.

Nyumbani Same aliifungua balbu ya taa ya barazani, akaitia kabatini. Inakusanya wadudu, alisema. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

*

Mchana ule nilimpa mgeni maji ya kuoga, nikampa makande. Alisema anaitwa Nabintu. Alikula kwa adabu, akimlisha mtoto kwanza, na mimi nilikaa mbele yao nikimchunguza yule mtoto kama daktari asiye na huruma. Nilitafuta masikio ya mume wangu, nikayaona. Nilitafuta paji la uso la binti yetu Careen alipokuwa mdogo. Na lenyewe nikaliona. Ukiwa umeshaamua utakachokiona, uso wa mtoto unakukubalia kila kitu.

Nilimuuliza baba wa mtoto yuko wapi. Akasema alikufa. Nikajiambia huyu ana heshima, anataka kunisitiri nyumbani kwangu.

Alinieleza njia aliyokuja nayo, bila kuipamba. Waliokimbia walishuka mpaka ziwani, wakavuka hadi Kigoma, wakapokelewa, wakapelekwa kambi ya wakimbizi. Pale alikaa mpaka mtoto alipopona homa. Halafu akatoka bila kibali, akapanda mabasi, akilala stendi na kuuliza njia, kwa sababu mume wake aliwahi kumwambia Fundi kwao ni Same, Kilimanjaro. Ukishuka stendi uliza fundi wa jenereta, watakuonyesha. Na kweli walimwonyesha. Watu wa stendi ya Same wangemwonyesha hata shetani kwake, akiuliza vizuri.

Nilimuuliza anamtakia nini mume wangu.

"Neno moja tu, mama. Nikisha kulipata, nitaenda."

Nikaingia chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilipanga maneno. Nilipanga nitakavyosimama, nitakavyomwambia achukue begi lake la spana arudi kwa mama yake Mbaga akaeleze. Hata kumwonea huruma yule mwanamke nilishaanza, huruma ile ya kutoka juu kwenda chini ambayo mke wa ndoa humpa mwenzake. Leo nikikumbuka saa zile naziona kama saa za mwisho za raha. Nilikuwa na jambo dogo, la kawaida, linalowapata wanawake kila siku na wanaendelea kupika.

*

Jua lilikuwa limeegemea milima tuliposikia pikipiki yake. Careen nilikuwa nimemtuma kwa shangazi yake. Eliufoo aliingia uani akiwa na tope la Kihurio mpaka magotini, akazima pikipiki, akamwona mgeni barazani. Hakuvua helmeti. Alibaki amekalia pikipiki, mikono kwenye usukani, kama mtu aliyesimamishwa na trafiki.

"Nabintu," akasema. Kisha: "Byamungu yuko wapi?"

"Miye ndiye nimekuja kukuuliza," akajibu mwanamke.

Mimi nikaona hapa wanazunguka, na sikuwa na subira ya kuzungushwa. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua kama yangu, "Baba Careen, huyu mtoto ni wa nani?"

Alinigeukia kama aliyesahau kwamba nipo. Akaelewa ninachouliza, na usoni mwake pakapita kitu kilichofanana na huzuni ya kutamani liwe ni hilo. "Wa Byamungu," akasema. "Msaidizi wangu wa kwenye mashini. Mtoto alipozaliwa akaniomba ampe jina langu."

Furaha ilinijaa. Naona aibu kuieleza furaha ile. Nilicheka, nikasema karibu ndani basi, mbona mnakaa nje kama wageni, nikaenda kubandika chai. Nikiwa jikoni, mlango uko wazi, ndipo nikasikia yaliyobaki.

Nabintu aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Fundi, ile asubuhi mulipoondoka. Byamungu alikuuliza mutarudi siku gani, weye ukasema Jumatatu. Ulijua?"

Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Niliyaondoa motoni ili nisikie.

"Nilijua," akasema mume wangu.

Alieleza mwenyewe, hakulazimishwa. Amri ya kuifunga kambi ilifika wiki kadhaa kabla, ikafichwa. Kwenye kambi nyingine, watu walipojua kwamba walinzi wanaondoka walilala mbele ya malori, wanawake na watoto, na malori yakashindwa kutoka. Kwa hiyo Luvumbe ikaamuliwa watu waambiwe ni zamu inabadilishwa: hawa wanatoka, wengine wanaingia Jumatatu. Kila mfanyakazi aliambiwa akiulizwa ajibu hivyo. Na msimamizi wake akamwambia aiache jenereta inaunguruma na taa zikiwaka, ili wanakijiji wasishtuke, mpaka msafara ufike mbali. Aweke dizeli kidogo tu.

"Sikuweka kidogo," alisema Eliufoo. Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza, ikawa karibu sauti ya kusihi. "Nilijaza tangi mpaka juu, Nabintu. Mapipa yaliyobaki nikayasogeza karibu, nikamwonyesha Byamungu namna ya kuongeza. Nilisema hawa watu wapate mwanga siku nyingi kadiri inavyowezekana. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaachia."

Nabintu alimtazama mtoto. Alikuwa ameokota helmeti ambayo mume wangu alikuwa ameshaivua, akiigongagonga sakafuni.

"Ni ile ndiyo ilituua, Fundi," akasema.

Nilitoka jikoni nikasimama mlangoni. Hakuna aliyenitazama. Nabintu alisema jioni ya kwanza taa ziliwaka kama siku zote, na watu wakapika. Kesho yake wakaja watu kutoka kilima cha pili, wakasema kambi ni tupu, wamechungulia, hakuna hata mbwa, tukimbie. Wengine wakaanza kufunga mizigo. Byamungu akasimama mbele yao akawaambia mashini si inaunguruma? Taa si zinawaka? Nani anaondoka na kuacha dizeli yote hii? Fundi amesema Jumatatu, na miye namjua Fundi, mtoto wangu ana jina yake. Watu wakafungua mizigo.

"Ingezimika siku ileile tungekimbia," alisema. "Njia ilikuwa ingali wazi. Lakini mwanga ulikuwako. Tulibakia juu ya mwanga, kwa sababu yake tu."

Jumatatu ikapita. Mapipa yakaisha. Mashini ikakohoa, ikanyamaza, na waasi waliokuwa wakiingoja inyamaze walikuwa hawako mbali. Byamungu walimkuta kwenye banda la jenereta akiinamisha dumu la mwisho. Nabintu aliteremka mtoni na mtoto na wengine waliokuwa vibanda vya chini. Waliokuwa vibanda vya juu, karibu na uzio, wale waliogombania kuwa karibu zaidi na taa, hakuwaona tena.

Hakulia. Nadhani alikuwa amelia kila mahali njiani, kuanzia Kigoma, na yakaisha kabla ya Same.

Ikawa zamu yake Eliufoo kutafuta pa kuweka macho. Akaanza kusema mambo ambayo niliyajua yote, nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka: kwamba ulinzi ule unalipiwa na mataifa, na kwamba kubwa kuliko yote limekataa kutoa, ndipo wakubwa wakakaa na ramani wakachagua kambi za kufunga. Haikuwa hiari ya askari. Haikuwa hiari yake yeye.

"Taifa gani?"

"Marekani."

Nabintu aliliwaza hilo kwa uzito, kama jina la jirani ambaye hakumbuki kugombana naye.

"Tuliwakosea nini?"

"Hamkuwakosea. Hawana neno na ninyi."

"Luvumbe wanaijua?"

"Hapana," alisema mume wangu. "Sidhani kama kuna hata mmoja anayeijua."

"Ah," akasema. Na ndani ya ile "ah" nilisikia kitu kikifungwa, polepole. Kwa adui unaweza kujua kosa lako, ukaomba, ukajificha asikokufikiria. Yeye alikuwa amesafiri nchi nzima kuja kuambiwa kwamba waliomwondolea mwanga hawakujua hata kama alikuwa amekaa ndani yake.

Nilirudi jikoni nikaimaliza chai, nikaimimina, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Aliipokea, akashukuru, akainywa. Halafu akaeleza alichofuata.

"Hii jina Byamungu ndiye alimupa mutoto. Nilitaka nijue, ni jina ya mutu aliyedanganywa, ao ni ya mutu aliyedanganya. Kama na weye ulidanganywa, Fundi, ningemuachia mutoto hii jina."

Eliufoo alivua buti moja, akabaki ameishika.

*

Asubuhi Nasha alipita na maziwa. Ni mama wa Kimaasai kutoka upande wa Ruvu, hutuletea kila siku kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Alimwona mgeni barazani, akaona mtoto, hakuuliza lolote. Alimimina kikombe kikajaa, akampa. Mtoto akakichukua kwa mikono miwili, akakimbilia ngazi.

"Byamungu," mama yake akamwita, "kunywa umekaa."

Mtoto hakugeuka. Hakuwa amelizoea bado jina la baba yake. Akamwita tena, vilevile, bila kukasirika, na mara ya tatu akageuka, labda kwa sababu ya sauti tu. Mume wangu alikuwa ngazini akifunga kamba za buti. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena, akaenda kazini Jumapili ile bila kunywa chai.

Nilitamani, Mungu anisamehe, niliyoyaogopa jana yake yangekuwa kweli. Mtoto wa nje ningemlea. Ningepiga kelele, ningesusa, mama mkwe angeshuka kutoka Mbaga na jogoo wa suluhu, na mwishowe mtoto angekaa mezani pamoja na Careen na tungezoeana. Kwa hili hakuna aliyetufundisha kikao chake. Huwezi kumwita mchungaji ukamwambia ile ibada ya shukrani tuirudie kinyumenyume.

Nabintu alikaa nasi siku chache. Alifagia ua kabla sijaamka, akafua hata nguo za Careen, na nilipomkataza alisema mikono yake ikikaa bure inakumbuka. Yeye na Eliufoo waliongea kwa heshima, kuhusu maji, kuhusu mvua ambazo zilikuwa hazijaja. Ungewaona ungedhani ni ndugu waliogawana urithi wakaachana vizuri.

Kisha akaja Mzee Hamidu, mwenyekiti wa mtaa. Alibisha kwa upole, akakataa kiti, akaniita kando. "Mwalimu," aliniambia, "mgeni wenu hana kibali. Majirani wameona, na mimi nimeulizwa kutoka juu. Mkimbizi anatakiwa kambini. Sheria sikuitunga mimi." Nilimwambia hapa ana chumba, ana chakula, anamsumbua nani? Akasema hamsumbui mtu, ndiyo maana amekuja yeye na hawakuja wengine.

Jioni nilimweleza Eliufoo. Nilisema twende kesho ofisini wilayani, tuombe, tuandike kwamba tunamdhamini. Wewe umefanya kazi na wakubwa, wanakufahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sheria ni sheria. Na nikaona mabega yake yakishuka kidogo, kama mabega ya mtu aliyetuliwa gunia, na hapo nikamchukia. Nilimchukia kwa muda mfupi sana na kwa ukamilifu, kuliko ambavyo ningemchukia kwa mwanamke yeyote.

Nilikwenda ofisini peke yangu. Kijana aliyenisikiliza alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Aliniamkia vizuri, akaniletea kiti, akaniambia, "Madam, ukiniuliza mimi binafsi ningemwacha," akaniandikia siku ya kumsafirisha.

Nabintu hakutaka tuombe tena. Alisema neno alilolifuata ameshalipata, na kambini kuna wanawake wawili wa Luvumbe, watashangaa akichelewa. Nilimuuliza kule kuna chakula? Akasema kipo, lakini wanapewa kidogo kuliko mwanzo. Wameambiwa wafadhili wamepunguza. Aliposema "wafadhili" aliniangalia, na mimi nikatazama chini, kwa sababu tulijua wote wawili ni wale wale.

Tulimsindikiza stendi sote watatu, mimi, Eliufoo na Careen, pamoja na yule kijana wa ofisini aliyepewa kazi ya kuongozana naye hadi Moshi. Nilimfungia mahindi makavu, sweta la Careen la zamani, na kandambili mpya. Basi lilitoka upande wa Hedaru limejaa, likasimama huku injini ikinguruma, wauza maji na korosho wakaliparamia madirisha. Nabintu alinishika mikono yote miwili akasema, "Mama, umenitunza." Kisha akapanda, mtoto kiunoni.

Eliufoo alijisukuma mpaka dirishani kwake. Alikuwa amevaa shati la kanisani. "Nabintu," akaanza, "mwezi ujao mimi na mama Careen tutaku—"

"Fundi," alisema. "Usiseme siku."

Hakulisema kwa ukali. Lakini kondakta alikuwa ameshagonga ubavuni mwa basi, na hapakuwa na nafasi ya neno jingine.

*

Huko Kigoma hatujaenda. Mara moja namba ngeni ilinipigia. Nilipopokea nilisikia mtoto anacheka, kisha ikakatika, na nilipoipiga haikupatikana.

Mwaka huu nilipofika kwenye ile mada nilisoma kama kitabu kilivyoandika, nikawaambia wanafunzi waandike maelezo wenyewe. Mmoja aliuliza lile swali la siku zote. Nikamwambia kipindi kimeisha, na kilikuwa hakijaisha.

Mume wangu anafanya kazi. Mikono yake ni ileile, mashine ikimwona inatii. Lakini hataji siku. Mtu wa Lembeni mashine yake ya kusaga ikizimika, akapiga simu na kuuliza, "Fundi, lini?", Eliufoo hukaa kimya na simu sikioni mpaka mwenzake anadhani mtandao umekatika. Wengine wamehamia kwa mafundi wengine. Wanasema amerudi na maringo ya Kongo, anajifanya mtu wa wazungu.

Juzi simu iliita tena, mama mmoja mwenye pampu ya bustani, analalamika mboga zinanyauka. Aliuliza lini. Eliufoo akaninyooshea mimi simu.

Nikaichukua. Nikamwambia yule mama asiwe na wasiwasi, fundi atakuja kesho.